UML na Tatizo la Maana katika Lugha za Michoro

Mnamo Novemba 1997 chama cha kimataifa kiitwacho Object Management Group kiliidhinisha lugha. Chama hicho kilikuwa kimeundwa mwaka 1989 na makampuni ya kompyuta kwa ajili ya kupatanisha kanuni za kazi yao, na lugha kilichoiidhinisha, yaani UML, haina sauti, haina ushairi, wala hakuna mtoto aliyejifunza kuisema mapajani mwa mama yake. Maneno yake ni mistatili, mayai, mishale na mistari. Wenye kuitumia ni wasanifu wa programu za kompyuta, ambao kabla ya kuandika amri hata moja huchora muundo wa mfumo waukusudiao, kama vile mhandisi achoravyo ramani ya nyumba kabla ya kuchimba msingi. Hata hivyo waliobuni UML waliiita lugha, na lugha kwa desturi hupimwa kwa mambo mawili: maumbo yake yamepangwa vipi, na maumbo hayo yasema nini. Kwa kipimo cha kwanza UML ni kazi kubwa iliyofanywa kwa uangalifu. Kwa kipimo cha pili ina upungufu ambao miaka ishirini ya matoleo mapya haikuuondoa, na upungufu huo wawahusu hasa wale watakao kuifundisha kwa Kiswahili, maana istilahi itafsiriwapo bila kuchunguzwa huja pamoja na utupu wa neno la asili.

Fikra iliyo chini ya lugha hii ilianzia Oslo. Huko, katika miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Kituo cha Kompyuta cha Norway walitunga lugha ya programu iitwayo Simula, ambayo toleo lake la 1967 ndilo lililoleta dhana ya jamii za vitu. Kusudi lao lilikuwa kuiga katika kompyuta shughuli za ulimwengu, nao waliona kwamba programu iliyoandikwa kama mfululizo mmoja wa amri haifanani na ulimwengu huo. Ulimwengu una vitu. Kila kitu kina hali yake na kazi zake. Na vitu vya namna moja vyaweza kuelezwa mara moja kwa maelezo yavifaayo vyote. Maelezo hayo ndiyo jamii. Katika miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake huko California, katika maabara ya Xerox, waliiendeleza fikra hiyo kwa lugha ya Smalltalk, wakatilia mkazo kwamba kitu kimoja hakiingizi mkono ndani ya kingine, bali hukipelekea ujumbe na kungoja jibu.

Fikra ilipoenea, kila mwalimu alizuka na njia yake ya kuichora. Wabunifu wa UML wenyewe walikadiria kwamba kati ya 1989 na 1994 njia hizo ziliongezeka kutoka chini ya 10 hadi zaidi ya 50. Tatu kati yake zilipata wafuasi wengi. Grady Booch, wa kampuni ya Rational huko Marekani, alichora jamii kama wingu lenye ukingo wa vistari vilivyokatika. James Rumbaugh na wenzake wa General Electric walitumia mstatili uliogawanywa vyumba vitatu: cha jina, cha sifa na cha kazi. Ivar Jacobson, aliyetoka katika kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden, alipenda kuanza na mtumiaji, akamchora kama kimtu cha vijiti kilichosimama kando ya umbo la yai lenye jina la haja yake. Mwaka 1994 Rumbaugh alihamia Rational; mwaka uliofuata Jacobson naye akajiunga nao; na Januari 1997 pendekezo la lugha moja lilipelekwa mbele ya chama. Katika mapatano hayo wingu la Booch lilishindwa na mstatili, na kimtu cha Jacobson kikabaki. Hasara ya wingu si ya kusikitikiwa, kwa kuwa hakuna aliyeweza kulichora vizuri kwa mkono.

Wanafunzi wa historia ya Kiswahili wataona hapa jambo walijualo. Mwaka 1928 Kiunguja kilipochaguliwa kuwa msingi wa lugha ya vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi yake, mabishano yalikuwa ya namna hiyo hiyo: nani aliache neno lake, na nani alishike. Wenye Kimvita walinung'unika, na manung'uniko yao hayakuwa bure. Walakini mfano huo una mwisho wake, na mwisho huo ndipo penye shabaha ya uhakiki huu. Kamati ya 1930 iliweza kukosea katika tahajia, iliweza kupendelea neno la Unguja mahali ambapo la Mombasa lilikuwa bora, lakini haikuwa na uwezo wa kuamua maana ya neno kikombe au neno kuazima. Maana hizo zilikuwa zimekwisha kukaa katika vinywa vya watu. Mwenye kamusi akikosea, mzee wa Malindi au wa Ng'ambo aliweza kumsahihisha. UML haikuwa na mzee wa namna hiyo. Kila moja ya njia tatu za awali ilikuwa na watumiaji wake na mazoea yake, lakini mchanganyiko wao haukuwa na msemaji hata mmoja siku ulipoidhinishwa. Kwa hiyo kila ambapo wapatanishi walikubaliana umbo bila kukubaliana maana, maana haikuwa na mahali pengine pa kutafutwa.

Uhodari wa lugha hii wafaa kukiriwa kabla ya kuilaumu, na mfano mmoja watosha. Chuo chataka programu ya maktaba yake. Mkutubi aeleza kazi kwa sentensi iliyo nyepesi: kitabu huazimwa na msomaji. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na kila aisikiaye huifahamu. Msanifu aichoraye, hata hivyo, hawezi kufika mbali. Anaweka mstatili wa Kitabu na mstatili wa Msomaji, anauvuta mstari kati yao, na mara sarufi ya mchoro yamtaka aandike idadi katika kila ncha. Kitabu kimoja huazimwa na wasomaji wangapi kwa wakati mmoja? Mkutubi ajibu: mmoja. Lakini kamusi ileile imo mikononi mwa wasomaji wanne. Hapo yabainika kwamba neno kitabu lilikuwa likifanya kazi mbili. Kuna kitabu chenye jina na mwandishi, ambacho msomaji hukingoja bila kujali ni kipi kati ya vile vya rafuni. Na kuna nakala, yenye namba mgongoni na doa la chai katika ukurasa wa tisa, ambayo aliyeipoteza hana budi kuilipa. Mchoro hupata mistatili mitatu badala ya miwili: kitabu kimoja kwa nakala moja au zaidi, na nakala moja kwa msomaji mmoja au kutokuwa na msomaji. Swali la idadi limetenganisha mambo ambayo mazungumzo ya miaka mingi ya maktaba hayakuwa na haja ya kuyatenganisha, kwa kuwa watu walioyazungumza walikuwa na macho. Kompyuta haina. Sehemu hii ya UML, ambayo kwa kiasi kikubwa yatokana na michoro ya kanzidata iliyoelezwa na Peter Chen mwaka 1976, ina maana thabiti, na msanifu aitumiaye kwa uaminifu hufaidika.

Kasoro huanza pale mstari wa kawaida uwekewapo pambo katika ncha yake. UML ina maumbo mawili yafananayo na uru wa karata, moja lililojazwa wino na jingine lililo tupu, na yote mawili huwekwa upande wa kitu kizima kuonyesha kwamba kitu cha upande wa pili ni sehemu yake. Uru uliojazwa una sheria. Sehemu haiwezi kuwa ya vitu vizima viwili kwa wakati mmoja, na kitu kizima kifutwapo, sehemu zake hufutwa pamoja nacho, ila zile zilizoondolewa kabla. Sura za kitabu huhusiana na kitabu kwa namna hii, na mwandishi wa programu aonapo uru huo ajua la kufanya.

Uru mtupu hauna sheria. Kitabu cha kanuni za UML ya pili hukiri kwamba maana yake kamili hutofautiana kwa kadiri ya fani na ya msanifu mwenyewe, maneno ambayo kamusi ya lugha yoyote ingeona haya kuyachapisha mbele ya kidahizo. Rumbaugh, mmoja wa wazazi watatu wa lugha, aliufananisha na dawa isiyo na dawa ndani yake, ile ambayo tabibu humpa mgonjwa kwa sababu mgonjwa hataridhika akiondoka mikono mitupu. Mzaha huo una ukweli mwingi kuliko utetezi. Kila mmoja wa waliokuja mezani alitaka alama ya ukusanyaji, kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu hizo hazikulingana. Kamati ikawapa umbo.

Madhara yake hayaonekani mezani pa msanifu, bali mezani pa mtu wa pili. Tuseme mchoro wa maktaba umeweka uru mtupu kati ya Tawi na Nakala, nao wapelekwa kwa mwandishi wa programu aliye katika mji mwingine. Tawi moja lafungwa. Je, nakala zake zifutwe katika daftari, zihamishiwe tawi kuu, au zibaki bila tawi? Je, nakala moja yaweza kuhesabiwa katika matawi mawili? Mwandishi mmoja atadhani yaweza, kwa kuwa uru haukujazwa. Wa pili atadhani haiwezi, kwa kuwa ni uru. Wa tatu atalichukua kuwa ni pambo tu. Lau msanifu angalichora mstari mtupu, msomaji wake angaliona kwamba jambo halijaamuliwa na angaliuliza. Uru humnyamazisha, maana huonekana kama jibu. Alama isiyo na maana katika lugha ya ufundi ni mbaya kuliko kutokuwapo kwa alama, na nakala zilizopotea katika daftari za matawi yaliyofungwa hazitamkumbuka aliyechora.

Yaweza kujibiwa kwamba lugha za watu nazo zina vifungu vilegevu, na kwamba UML isidaiwe lile ambalo Kiswahili chenyewe hakidaiwi. Kwa hakika kihusishi -a katika Kiswahili hubeba mzigo mkubwa zaidi. Kurasa za kitabu ni sehemu zake; vitabu vya maktaba ni mali yake; wasomaji wa maktaba ni wateja wake; mwandishi wa kitabu ndiye sababu ya kuwapo kwake; na kitabu cha historia si mali ya historia wala sehemu yake. Uhusiano wa namna tano umefungwa kwa kamba moja, wala hakuna Mswahili aliyekwama. Lakini jibu hili halimwokoi mshtakiwa. Kihusishi -a hakidai kueleza uhusiano. Hudai tu kwamba upo, na ujuzi wa msikilizaji juu ya kurasa na wasomaji humaliza kazi iliyobaki. Uru mtupu hudai zaidi ya mstari wa kawaida, kisha hautoi ziada hiyo. Zaidi ya hayo mchoro husomwa hatimaye na mtu aandikaye amri za mashine isiyo na ujuzi wowote wa kurasa, na hapo ndipo ulegevu uliovumilika katika mazungumzo ugeukapo deni.

Lipo kosa jingine lililo zito kuliko hilo, ingawa halikuzungumzwa sana: maana kubadilishwa chini ya umbo lisilobadilishwa. Katika UML ya kwanza mchoro wa mwenendo wa kazi ulihesabiwa kuwa ni namna ya mchoro wa hali, yaani ule uonyeshao hali azipitiazo kitu kimoja na matukio yakitoayo katika hali moja kukitia katika nyingine. Katika UML ya pili, iliyotolewa mwaka 2005, mchoro wa mwenendo ulipewa msingi mpya, unaofanana na mitandao iliyoanzishwa na Carl Adam Petri wa Ujerumani katika tasnifu yake ya 1962, ambamo vitufe visivyoonekana husafiri juu ya mishale na kazi huanza vitufe vinapofika. Msingi huo ni bora. Lakini matokeo yake yafaa kutazamwa kwa mfano. Mishale miwili yaingia katika kazi iitwayo Toa Nakala, mmoja ukitoka Kagua Kadi, wa pili ukitoka Pokea Faini. Kwa kanuni za toleo la kwanza, mshale wowote mmoja ulitosha kuianzisha kazi. Kwa kanuni za toleo la pili, yote miwili haina budi kufika. Mchoro ni uleule, wala hakuna mstari ulioongezwa. Aliyeuchora mwaka 2000 alisema au, na ausomaye leo kwa kanuni za leo asoma na. Katika lugha za watu maana huhama pia, lakini huhama polepole, na vizazi viwili husikilizana wakati wa kuhama. Hapa ilihama kwa tarehe.

Kwa upande wa pili, michoro ya hali yenyewe yasifika, na sababu yake yafundisha kitu. David Harel wa Israeli alikuwa ameitunga na kuichapisha mwaka 1987, miaka kumi kabla ya kamati, akiwa na tatizo mahsusi la mifumo ya ndege mbele yake, na alikuwa amekwisha kufikiri kila umbo latenda nini kabla ya kuliweka. Mabishano hayakukosekana hata humo, na UML haikumfuata katika kila jambo, lakini kilichoingia katika lugha kiliingia kikiwa na maana yake mkononi. Mistatili na idadi zake, michoro ya hali: vile vilivyo imara katika UML ni vile vilivyokuwa na maisha nje yake.

Watetezi hawakukaa kimya. Pamoja na toleo la 1997 iliongezwa lugha ndogo ya maandishi iitwayo OCL, ya kuandikia masharti ambayo michoro haiwezi kuyasema, kama vile kwamba msomaji mwenye deni asiazime nakala mpya. Mwaka 2011 chama kilitoa kanuni za fUML, ambazo zachagua sehemu ndogo ya lugha na kuipa maana kamili kiasi cha kuweza kutendeka katika mashine. Toleo la 2.5 la mwaka 2015 liliunganisha vitabu viwili vya kanuni kuwa kimoja, likaondoa maneno mengi yaliyorudiwa. Bado kitabu hicho, katika sura yake ya 2017, kina takriban kurasa 800 na aina 14 za michoro. Juhudi hizo ni za heshima. Lakini fUML yenyewe ni ushahidi upande wa mashtaka, maana isingalihitajika kuchaguliwa sehemu yenye maana kama sehemu zote zingalikuwa nayo.

Utetezi wa pili ni wa namna nyingine, nao husikika kwa wataalamu wenye uzoefu kama Martin Fowler, mwandishi wa kitabu kidogo kilichoifundisha lugha hii kwa watu wengi kuliko kitabu cha kanuni. Kwa maoni yao UML hutumika vizuri zaidi kama mchoro wa haraka ubaoni, wa kusaidia mazungumzo ya watu waliopo pamoja, na si kama ramani kamili ya kumkabidhi fundi aliye mbali. Ushauri huu ni wa busara. Ila ukikubaliwa, hukumu imekwisha kutolewa: watu waliosimama mbele ya ubao mmoja huulizana kwa mdomo, na kwa kazi hiyo wingu la Booch lingalitosha. Kurasa 800 ziliandikwa kwa ajili ya wale wasioweza kuulizana.

Yaelekea mafundi wenyewe walikwisha kupiga kura kwa mikono yao. Mwaka 2013 Marian Petre, wa Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, alichapisha uchunguzi wake juu ya wasanifu 50 wa makampuni 50. Katika hao, 35 hawakuitumia UML kabisa. 11 waliitumia kwa kuchaguachagua, wakichukua walichokitaka na kuacha mengine. Hapakuwa na hata mmoja aliyeitumia kwa ukamilifu na kwa moyo wote. Sababu walizozitoa hazikuwa za kiburi. Walisema michoro haionyeshi mazingira ya mfumo mzima, kwamba kuielewa kuna gharama, na kwamba michoro ya aina mbalimbali juu ya mfumo mmoja hupingana bila mtu kujua. Haifai kuutwika uru mtupu lawama yote ya takwimu hizo, kwa kuwa makampuni mengi yalikuwa yamekwisha kuacha usanifu mrefu wa karatasi kwa sababu zao nyingine. Lakini sababu ya pili na ya tatu katika zile tatu ni sababu za maana.

Yote hayo yangaliweza kuachiwa wahandisi, kama isingalikuwa kazi ya istilahi. Vyuo vya Afrika Mashariki hufundisha UML kwa Kiingereza, na mjadala wa Kiswahili cha kompyuta umetumia muda mwingi juu ya jina la mashine yenyewe, iwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi. Ukija wakati wa kutaja yaliyo ndani, hatari kubwa haitakuwa uhaba wa maneno, bali wingi wa maneno yaliyo tayari.

Neno la kwanza ni lile la jamii. Wengine husema darasa, kwa kuwa kamusi ya Kiingereza huwapa hilo. Lakini darasa ni chumba au wanafunzi waliomo, na wanafunzi wa darasa hawazaliwi na darasa. Tabaka huleta picha ya juu na chini isiyotakiwa. Wanaisimu watavutwa na ngeli, na hapo panahitaji uangalifu zaidi, maana mfano wake ni mzuri kwa nusu. Ngeli hugawa maneno, na jamii hugawa vitu. Hata hivyo ngeli ina jambo ambalo wasanifu wangenufaika kulijua. Kiongozi kwa umbo lake ni neno la KI-VI, lakini husemwa kiongozi amefika, viongozi wamefika. Umbo ni jambo moja, na upatanisho ni jambo jingine. Simba na waziri hawana hata kiambishi cha kuwatambulisha, nao hupatanishwa sawa na mtu. UML hufanya tofauti hiyo hiyo kati ya jamii, yaani kitu kimeundwaje, na kiolesura, yaani kitu chaweza kujibu ujumbe gani. Na vitu vya jamii mbalimbali kabisa vyaweza kutimiza kiolesura kimoja. Mwalimu afundishaye kwa Kiswahili ana mfano huu bure. Jina la ngeli, lakini, libaki kwa wanasarufi, na jamii litumike kwa wasanifu, aina ikiwekwa akiba kwa dhana nyingine iliyo jirani.

Neno la pili ni urithi, ambalo limekwisha kuzoeleka kabla halijachunguzwa. Urithi kwa sheria na kwa desturi hufuata kifo, na mali irithiwayo humtoka mwenyewe. Katika usanifu jamii ya mzazi haifi wala haipungukiwi. UML yenyewe, na hapa yastahili sifa, haikulichagua neno la urithi kuwa jina la mshale huo wenye kichwa cha pembetatu tupu. Iliuita kwa jina lenye maana ya ujumlishaji, na kuuelekeza kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, kwa kuwa ni mtoto amjuaye mzazi wala si kinyume chake. Ujumlishaji, basi, ni tafsiri bora kuliko urithi. Lakini tahadhari bado yatakiwa kwa neno ni, ambalo walimu hulitumia kama kipimo: ikiwa husemwa mwalimu ni msomaji wa maktaba, basi chora mshale. Kiswahili husema vilevile kwamba Juma ni mwanafunzi, na mwaka ujao Juma amekuwa mwalimu. Katika lugha nyingi za programu kitu hakiwezi kuhama jamii yake baada ya kuzaliwa. Kipimo bora kwa Kiswahili ni kuuliza kama jambo laweza kusemwa kwa amekuwa au ameacha kuwa. Likiweza, ni wadhifa, na wadhifa haustahili mshale huo.

Katika michoro ya haja za watumiaji lugha yetu yaweza hata kuisahihisha ile ya asili. Mshale wa nyongeza kati ya mayai mawili hutoka kwenye haja ya ziada kwenda kwenye haja ya msingi, na wanafunzi wa Kiingereza huugeuza daima, kwa kuwa kitenzi walichopewa hakionyeshi nani amtenda nani. Kikitafsiriwa kwa hupanua, kosa litahamia kwetu pamoja nacho. Kikisemwa hujiongeza katika, mshale wasomeka wenyewe: Toza Faini hujiongeza katika Rudisha Nakala. Na mshale wa pili, ulioelekea upande wa kinyume, usomwe hujumuisha: Azima Nakala hujumuisha Kagua Kadi. Viambishi na viunganishi vya Kiswahili vimefanya kazi ambayo mchoro uliwaachia wasomaji.

Uru uliojazwa waweza kuitwa umiliki wa sehemu, kwa sababu sheria zake ni za umiliki. Kuhusu uru mtupu, mtunga istilahi atashawishika kuupa jina zuri, pengine ukusanyaji au ushirika, na jina hilo litaingia vitabuni na mitihani, na wanafunzi watalieleza kwa maneno ambayo kitabu cha kanuni hakiyatambui. Yafaa zaidi asiupe jina. Katika faharasa mahali pake pawekwe mchoro wa umbo lenyewe, na mbele yake yaandikwe maneno mawili: tazama uhusiano.